Je, wajua kwa nini robo tatu haijumlishwi na thuluthi mbili hivi hivi?

Katika jikoni za Mombasa, nazi ikishakunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwenye kifumbu, hutoka tui la namna mbili. Kuna kasimile, lile zito la mkamuo wa kwanza, na kuna tui jepesi linalopatikana machicha yakitiwa maji na kukamuliwa tena. Tuseme leo kasimile imetoka kikombe 1 3/4, na tui jepesi vikombe 2 2/3. Jagi lililopo linajaa kwa vikombe vinne. Je, tui lote litaenea?

Mwanafunzi mwenye haraka atajibu kabla hujamaliza kuuliza. Moja na mbili ni tatu. Juu, tatu na mbili ni tano; chini, nne na tatu ni saba. Kwa hiyo vikombe 3 5/7, jagi linatosha na nafasi inabaki. Mimina! Atamimina, na karibu nusu kikombe ya tui itaishia mezani.

Kabla ya kutafuta jibu sahihi, litazame kwanza hilo la uongo, maana linajisaliti lenyewe. Tulikuwa na robo tatu ya kikombe, tukaongeza thuluthi mbili, tukaambiwa tumepata subui tano. Lakini subui tano ni ndogo kuliko robo tatu tuliyoanza nayo: ukizikata zote kwa 28, robo tatu ni 21/28 na subui tano ni 20/28. Yaani tumeongeza tui, tui likapungua. Hesabu ya namna hiyo haihitaji mwalimu wa kuisahihisha, inahitaji mtu wa kuitazama mara ya pili tu.

Kosa linatoka kwenye namba ya chini. Wengi huidhani ni namba ya kuhesabia kama ile ya juu, ilhali kazi zao ni mbali mbali. Namba ya juu, yaani kiasi, inasema una vipande vingapi. Ya chini, yaani asili, inasema kila kipande kina ukubwa gani: nne maana yake kikombe kimekatwa mara nne, tatu maana yake kimekatwa mara tatu. Ukiwa na robo tatu na thuluthi mbili, ni kweli una vipande vitano, lakini vitano vya nini? Ni sawa na mtu mwenye noti tatu za shilingi mia na noti mbili za shilingi mia mbili kutamba kwamba ana noti tano. Hajasema uongo, ila bado hujui ana pesa ngapi.

Basi dawa ni kuvikata vipande upya mpaka vilingane. Kila robo ikate mara tatu: robo tatu inakuwa vipande tisa, na kikombe kizima sasa kina kumi na viwili, yaani 9/12. Kila thuluthi ikate mara nne: thuluthi mbili inakuwa vipande vinane, navyo ni vya ukubwa ule ule, 8/12. Hakuna tone la tui lililoongezeka wala kupungua. Tumekata vidogo zaidi, na vipande vikawa vingi zaidi kwa kadiri ile ile. Ndiyo sababu kiasi na asili huzidishwa kwa namba moja, na ndiyo sababu huruhusiwi kuzidisha ya chini ukaiacha ya juu.

Sasa vipande ni vya aina moja na vinahesabika: tisa na nane ni kumi na saba, 17/12. Vipande kumi na viwili vinafanya kikombe kimoja kamili, vinabaki vitano. Kikombe hicho kinaungana na vile vizima tulivyoviacha kando, kimoja na viwili, yaani vitatu. Jibu ni vikombe 4 5/12. Jagi la vikombe vinne halitoshi.

Kwa nini 12? Kwa sababu ndiyo namba ndogo kabisa inayogawika kwa 3 na kwa 4 bila baki. Vitabu vya Tanzania huiita kigawe kidogo cha shirika. Hata 24 ingefaa, au 120 ukipenda taabu; ungepata 4 10/24, kisha ukarahisisha na kurudi pale pale. Njia ya mkato ya kuzidisha asili kwa asili huleta jibu sahihi siku zote, ila wakati mwingine hukupa namba kubwa bure. Kwa 6 na 8 itakupa 48. Afadhali uhesabu kwa nane nane: 8 haigawiki kwa 6, 16 haigawiki, 24 inagawika. Simama hapo.

Wako walimu wanaotaka kila namba mchanganyiko igeuzwe kwanza kuwa sehemu guni: 1 3/4 iwe 7/4, na 2 2/3 iwe 8/3. Halafu 21/12 jumlisha 32/12 ni 53/12, sawa na 4 5/12. Si vibaya, na kwenye kuzidisha njia hiyo husaidia sana. Kwenye kujumlisha mimi naiona mzigo. Jaribu 18 5/6 na 27 3/8. Kwa sehemu guni utakutana na 452/24 na 657/24, jumla 1109/24, kisha uanze kugawanya. Ukiziacha nzima kando, 18 na 27 ni 45. 20/24 na 9/24 ni 29/24, yaani 1 5/24. Jumla 46 5/24. Inaruhusiwa kwa sababu 18 5/6 ni 18 jumlisha 5/6, alama ya kujumlisha imefichwa tu, na vitu vinavyojumlishwa havijali mpangilio.

Isitoshe, hesabu hii watu huifanya kila siku bila kalamu. Tuseme umetoka Ukunda, ukavuka feri Likoni, ukafika mjini kwa saa moja na dakika 45. Kisha mjini mpaka Malindi saa mbili na dakika 40. Jumla ni saa nne na dakika 25, na hakuna aliyekuna kichwa. Hizo ni 1 3/4 na 2 2/3 zile zile. Dakika zimeshakata saa vipande 60, na 60 inagawika kwa 4 na kwa 3.

Ila pahala ambapo asili moja huwa jambo zito ni kwenye mirathi, mambo yanayofikishwa kwa Kadhi. Sura ya Nisaa, aya ya 11 na ya 12, imetaja mafungu sita: nusu, robo, thumni (1/8), thuluthi mbili, thuluthi na sudusi (1/6). Al-Khwarizmi, aliyeandika juu ya aljebra huko Baghdad karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kazi yake kwa hesabu za wasia na mirathi.

Chukua marehemu aliyeacha mke, mama, mabinti wawili na ndugu wa baba na mama mmoja, na shamba la minazi la ekari 36. Mke ana thumni, mama sudusi, mabinti thuluthi mbili. Asili ya masala, yaani asili moja inayofaa mafungu yote, ni 24: mke 3, mama 4, mabinti 16, jumla 23, na fungu moja lililobaki ni la ndugu. Kila fungu ni ekari 1 1/2, basi mke ana 4 1/2, mama 6, mabinti 24, ndugu 1 1/2.

Badala ya ndugu, weka baba mwenye sudusi yake. Mafungu yanakuwa 3, 4, 4 na 16: jumla 27, na asili ni 24. Yamezidi kitu chenyewe! Fiqhi ya Kisunni hutatua kwa awl: asili inapandishwa iwe 27, na kila mmoja anapunguziwa kwa uwiano. Husimuliwa kuwa Ali bin Abi Talib aliulizwa masala haya akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, yaani 3/27 au 1/9. Kwenye shamba letu mke atapata ekari 4, baba 5 1/3, mama 5 1/3, mabinti 21 1/3. Nzima ni 35, thuluthi tatu zinafanya moja, na ekari zote 36 zimekwisha.