Usinitumie ramani, niambie wanachota maji wapi

Vijana wanaotaka kuandika fantasia, hadithi za dunia za kubuni, wananifata sana inboksi na karibu wote wanaanza vilevile, wananitumia ramani. Na ni ramani nzuri kweli, zingine zimechorwa kwa programu za simu, zina milima, misitu ya giza, falme saba, majina ambayo hata mwenyewe akiyasoma kwa sauti anajing'ata ulimi, alafu juu kule kaskazini lazima kuwe na theluji. Theluji ya wapi mdogo wangu, we umezaliwa Tandahimba! Huwa nawauliza swali moja tu, hawa watu wako wakiamka asubuhi wanachota maji wapi? Hapo mtu anakaa kimya siku mbili, wengine hawarudi kabisa.

Sio kwamba nawakomoa. Kwangu mimi dunia ya kubuni haianzi na vilivyomo, inaanza na kinachokosekana. Ukishajua watu wako wamekosa nini, basi utajua wanaoana vipi, wanagombania nini, tajiri ni nani, mwizi anaiba nini, mungu wao wanamuomba nini. Vingine vyote vinafata vyenyewe, hata ramani.

Na hili sijalitoa mbali. Mi naishi Mtwara mjini lakini kwetu ni Newala, juu kule kwenye uwanda wa Makonde, na anayepajua anajua stori ya maji ya kule. Juu ni mchanga mtupu, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja haikai, mto hakuna, maji yanakuja kutokea huko chini mabondeni. Kwahiyo enzi za bibi zetu mwanamke anaamka alfajiri na mtungi wake anashuka gema, anapanga foleni kisimani, alafu anapanda lile gema na mtungi kichwani, jua limeshatoka, na akifika nyumbani asubuhi yote imeisha. Kila siku. Ukishawaza hilo vizuri utaelewa kwanini mzee wa kule akikukaribisha mgeni na maji ya kunywa, kakupa kitu.

Sasa mtu wa nje lazima aulize, kwanini wasihamie chini kwenye maji? Hapo ndo utamu ulipo. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja mtafiti anaitwa Karl Weule alizunguka huku kusini, akakaa mpaka Newala, akaandika hadithi ya asili ya Wamakonde ambayo wazee nao wanayo. Kwamba hapo mwanzo kulikuwa na kiumbe hajawa mtu kamili, hanyoi haogi, anaishi peke yake, akachonga sanamu ya mti akaisimamisha, usiku ikageuka mwanamke. Wakashuka Ruvuma wakaoga, mtoto akazaliwa mfu. Wakahama, wa pili naye akazaliwa mfu. Wakapanda juu kabisa, Mahuta, wa tatu ndo akaishi. Basi sheria ikatoka hapo, kaeni juu, msikae karibu na mto, mtoni kuna maradhi na kifo.

Na ukigeukia historia ya kawaida inakwambia mle mle kwa njia nyingine. Karne ya 19 misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa ilikuwa inapita huku kwenda Kilwa Kivinje, na anayekaa bondeni penye maji ndo wa kwanza kukamatwa, wakati juu kule vichaka vilikuwa vimefungana kiasi kwamba asiyezijua njia haingii. Kwahiyo watu walichagua kiu ili wabaki huru. Niambie kuna msanii gani wa fantasia angebuni kitu kizito kuliko hicho, nchi nzima inaishi sehemu kavu kwa makusudi, ina hadithi yake inayoeleza kwanini, na ndani ya hadithi kuna ukweli wa kitabibu na wa kivita umejificha humohumo.

Dunia yangu inaitwa Nakiu na imetoka hapo, wasomaji wangu wa siku nyingi mnaijua. Kule deni linahesabiwa kwa mitungi. Mwanaume akitaka kuoa anashuka bonde usiku, mchana haruhusiwi, anapanda na mtungi uliojaa mpaka mdomoni, mama mkwe anamsubiri mlangoni na ufito wenye alama, anauchovya, anaangalia yameishia wapi. Yakipungua hapewi mtu. Watu waliipenda sana ile sehemu ya mama mkwe, kuna dada mmoja aliniandikia kwamba mama mkwe wake anao huo ufito mpaka leo ila hauonekani kwa macho.

Nitawaonyesha kitu kingine kwa karibu maana ndo kazi yenyewe ilivyo, mtu akisema kubuni anadhani unakaa unaangalia dari. Ubanguaji wa korosho wa nyumbani, ule wa zamani. Bibi alikuwa anachukua bati kuukuu analitoboatoboa, analiweka mafigani, anamwaga korosho na maganda yake, moto ukikolea lile ganda linaanza kutoa mafuta, yanachuruzika, alafu ghafla yanashika moto, fwaa, moshi mweusi mzito unaokwangua koo, bibi amekaa upande upepo unakotokea na mti mrefu anakoroga. Akiona zimetosha anazipindua chini mchangani, anazifukia zizime na mchanga unyonye mafuta. Alafu sisi watoto tunakaa na mawe tunagonga moja moja. Yale mafuta yakikugusa kabla hayajaisha yanaunguza, vidole vinakuwa vyeusi, sabuni haitoi, maji ya moto hayatoi, unakaa hivyo mpaka ngozi ibambuke yenyewe.

Miaka inapita, natafuta watu wa Nakiu wanawekeana mikataba vipi maana karatasi hawana na maji ya kutengenezea wino ndo hayo ya kugombania. Nikaangalia vidole. Basi Nakiu mkataba unawekwa kwa mafuta ya ganda, wawili wanachovya kidole gumba, wanaungua wote wawili, na mkataba unaishi mpaka ngozi ibambuke. Ukitaka uendelee mnachovya tena. Hapo nikapata matatizo mengi mazuri bila kuyatafuta: tapeli anayejikwangua ngozi usiku ili deni life, hakimu anayekagua vidole, mzee tajiri ambaye gumba lake ni jeusi maisha yake yote maana hajawahi kuacha kudai, na mke anayekataa kuchovya tena. Hakuna jini humo wala fimbo ya miujiza, ni ganda la korosho tu ambalo Mtwara na Lindi nzima wanalijua. Ndo maana naumia nikiona mtu wa Masasi anaandika habari za majumba ya barafu.

Kilwa nayo wengi wanaitumia vibaya kwenye hadithi, wanachukua kasri na sultani na dhahabu basi. Waulize Kilwa ilikosa nini. Dhahabu yenyewe haikuwa ya Kilwa, ilitoka Sofala huko kusini zaidi, na jahazi linalotoka Uarabuni au India na upepo wa kaskazi likitaka kurudi na upepo wa kusi wa mwaka huohuo, Kilwa ndo ilikuwa kama mwisho wa safari, ukivuka hapo unajitafutia kulala mwaka mzima. Ule utajiri wote ambao yule msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, aliukuta mwaka 1331 umejengwa juu ya upepo usiofika mbali. Alafu pale Husuni Kubwa, jumba lililojengwa kwenye jabali baharini na halikuwahi kumalizika, kuna bwawa la kuogea la pembe nane. Waongozaji watakuonyesha wakikusifia usanifu na kweli ni kazi ya maana, ila mi kila nikisimama pale nawaza nani alikuwa analijaza. Huyo ndo mhusika wangu, sultani mwachieni mwenyewe.

Kuhusu uchawi, au majiki kama vijana mnavyoita. Swali la pili ninaloulizwa sana ni namna ya kuweka kanuni za uchawi. Watu wa kusini hatuhitaji kwenda mbali, ingawa hili naliongea kwa heshima maana ni damu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, Umatumbini, alitoa maji ya kuwakinga watu na risasi za Wajerumani, watu waliokuwa wanalimishwa pamba kwa nguvu, na maji yale yalikuwa na miiko yake. Wajerumani wakamnyonga mapema, Agosti 1905, vita ya Majimaji ndo kwanza imeanza. Maji hayakufa naye. Yalisambaa kusini nzima, yakafika kwa watu ambao hawakuwahi kumuona, vita ikaenda mpaka 1907, na waliokufa kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi, makadirio ya vifo yanaanzia 75,000 mpaka 300,000.

Ninachojifunza hapo kama fundi ni kwamba uchawi wenye nguvu kwenye hadithi sio ule unaofanya kazi kila ukibonyeza, ni ule ambao ukishindwa watu wanabaki wanabishana kwanini umeshindwa. Kuna aliyevunja mwiko? Dawa iligushiwa njiani? Au haikuwepo tangu mwanzo? Ubishi huo unabeba sura kumi. Lakini yale maji yenyewe siyachukui kuyaweka Nakiu, hata niombwe vipi, wale ni babu za watu na makaburi yapo.

Na wale wa mazimwi. Kila msimu lazima mtu anambie mwandishi tuwekee zimwi kubwa basi, joka hivi. Jamani, Lindi ilikuwa nayo. Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria wa miaka kama milioni 150 iliyopita, na waliochimba ni watu wa huku, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani, na mifupa ile ilibebwa na wapagazi kwa miguu, kichwani na mabegani, siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mmoja wa hao wanyama kasimamishwa makumbusho ya Berlin tangu 1937, urefu kwenda juu unapita mita 13. We kaa ujiwazie mpagazi amejitwisha mfupa wa kitu asichowahi kukiona wala babu yake hajawahi, hajui kinakwenda wapi wala cha nini, anachojua ni uzito. Kwahiyo Nakiu majoka hakuna. Kuna mashimo. Mashimo makubwa ambayo watu hawajui kilichotolewa humo ni nini, wanajua tu kilikuwa kikubwa na kilikuwa chao.

Kuna mtu aliniuliza kwanini kwenye hadithi zangu habari huwa zinachelewa, mfalme anakufa na kijiji kinaendelea kumlipia kodi msimu mzima. We mtoto wa juzi. Mpaka daraja la Mkapa linafunguliwa Rufiji mwaka 2003, basi la kutoka huku kwenda Dar lilikuwa linategemea pantoni, na masika barabara ikikatika imekatika, mnalala njiani, barua ya msiba inafika arobaini imeshapita. Hadithi ambayo kila mtu anajua kila kitu papo hapo inakufa mapema, habari ikichelewa unapata nafasi ya watu kufanya mambo ya ajabu wakidhani wako sahihi.

Maisha ya kuandika yenyewe nitayapitia haraka maana hayana maajabu. Nauza hadithi kwa sehemu kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wanatuma hela kwa simu nawaingiza. Kalenda yangu ni ya korosho, sio ya Januari mpaka Disemba. Kuanzia Oktoba minada ikianza na hela za wakulima zikaingia, hata bodaboda ananunua sehemu tano kwa mpigo na kunitukana juu kwamba nimemuacha na arosto. Ikifika Machi, Aprili, wote ni "mwandishi nikopeshe sehemu moja tu, nakulipa msimu". Nakopesha. Shangazi yangu anasema natunga uongo na kuukopesha, na sina cha kumjibu. Kwahiyo wakati wa masika ndo naandika, wakati wa msimu natoa, na anayetaka kuishi kwa kazi hii huku kusini ajipange hivyo au awe na shamba pembeni.

Sasa hivi niko kwenye sehemu ngumu kuliko zote. Miaka ya 1950 huko kwetu mradi wa maji ulianza kuyasukuma kutoka bondeni kwenda juu kwa pampu, na mimi nimeamua kulipeleka bomba Nakiu. Nilidhani itakuwa sherehe. Lakini kila nikigusa kitu kinadondoka, mitungi haina thamani kwahiyo madeni yote hayahesabiki, wabebaji wa maji waliokuwa wanaogopwa sasa ni maskini na wana hasira, mabwana harusi hawana pa kushuka usiku, na yule mama mkwe kabaki mlangoni na ufito wake, hajui aupime nini. Alafu bomba linapita juu ya shimo moja kati ya yale niliyowaambia. Nani ana ufunguo wa koki, hapo ndo ugomvi wote ulipo na ndo hapo nimefika usiku wa jana, umeme ukakatika nikaendelea kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Sehemu ya kwanza natoa minada ikianza, na wale wenye madeni ya msimu uliopita, majina ninayo.