Eti kuwa mwalimu ukubwani lazima uanze digrii upya?

Hapana jamani. Kama digrii unayo, nchi nyingi zina kozi ya ualimu ya kama mwaka 1 au 2, wanachoangalia ni kama ulichosoma kinaendana na somo unalotaka kufundisha, mhandisi akitaka hesabu anaingia vizuri tu. Ila na nyie mnaosema "mi hesabu naijua nje ndani, cheti cha nini" mnakosea pia, subiri umesimama ubaoni, msimamizi kakaa nyuma na daftari lake, mtoto anauliza kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya na we umeganda. Hayo mazoezi ya kufundisha hayakwepeki, ni wiki nyingi darasani, kwa hiyo bosi wako mwambie mapema.