Shimo la Mita Moja: Kutambua Udongo Mfinyanzi Unaotuamisha Maji

Mashamba mengi hununuliwa kiangazi. Wakati huo barabara zinapitika, mazao yameshauzwa na fedha ipo mkononi, na ndipo udongo mfinyanzi wa mabondeni unapovutia kuliko udongo mwingine wowote: mweusi, mzito, umelala tambarare, hauna jiwe wala kisiki. Hapa Dodoma, sisi wataalamu wa udongo hujiwa na watumishi na wafanyabiashara waliopata eneo Rufiji, Bagamoyo au Kilwa, wakitaka kujua iwapo bonde walilooneshwa linafaa kwa mahindi, migomba au mpunga. Jibu langu la kwanza ni lilelile siku zote: chimba shimo la mita moja, kisha unieleze rangi ulizoziona, kwa kuwa udongo unaotuamisha maji wakati wa masika hubaki na alama zake hata pale ambapo juu ya ardhi hakuna tone.

Chembe ya mfinyanzi haizidi kipenyo cha milimita 0.002, na umbo lake ni bapa. Watu wengi hudhani kwamba udongo huu hukataa maji kwa kukosa nafasi ya kuyaweka, kumbe kwa ujazo una nafasi nyingi kuliko kichanga. Tatizo ni kwamba vijitundu vyake ni vyembamba mno, hivyo maji huingia taratibu na yakishaingia hayatoki kwa urahisi. Sehemu kubwa ya maji hayo hushikiliwa na chembe kwa nguvu inayoshinda mizizi, ndiyo maana mmea huweza kunyauka ilhali ukifinya bonge la udongo kiganjani unahisi unyevu. Ukishavimba na kujifunga, mfinyanzi mzito hupitisha milimita chache tu za maji kwa saa, na penginepo haifiki hata milimita 1, wakati mvua moja kubwa ya Januari huweza kumwaga milimita 40 katika muda huohuo. Kinachobaki hakina pa kwenda isipokuwa kulala juu.

Sisi wa kanda ya kati tunaujua udongo huu kwa jina la mbuga. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alieleza jinsi udongo wa nchi hizi unavyofuatana kutoka mlimani hadi bondeni kama pete za mnyororo, akauita mfuatano huo katena: juu mwekundu, katikati wa kijivu au kichanga, chini mweusi. Anayeshuka kwa miguu kutoka shamba la zabibu hadi kwenye majaruba ya mpunga ya Bahi huupita mfuatano huo kwa nyayo zake. Mbuga hupasuka kiangazi, nyufa zikapanuka hata mkono ukaingia, na mvua za kwanza huzama ndani ya nyufa hizo kwa kasi inayowadanganya wengi kwamba shamba linanywa maji vizuri. Baada ya siku chache udongo huvimba, nyufa hufunga, na hali hugeuka. Simulizi iliyozoeleka kuhusu jina la Dodoma, ya tembo aliyekwenda kunywa maji akazama kwenye tope, sina namna ya kuithibitisha, lakini udongo wa kumzamisha tembo tunao.

Nichukue shimo moja tulilochimba upande wa Bahi mwezi Septemba, mwenye shamba akiwa amesimama pembeni, haamini kwamba kuna la kuona. Sentimeta 20 za juu zilikuwa nyeusi na ngumu kiasi kwamba chepe liligoma tukaomba sululu. Kuanzia sentimeta 40 hivi rangi ilianza kuwa ya kijivu, na ndani ya kijivu hicho kulikuwa na michirizi myembamba ya rangi ya kutu iliyofuata njia za mizizi iliyokwishaoza. Chini zaidi, mabonge yalipobanduliwa, nyuso zake zilikuwa laini na zenye kung'aa kana kwamba zimepigwa msasa, alama ya udongo kujisugua wenyewe kila unapovimba na kusinyaa. Yule mzee aliishika ile michirizi akasema, “Hii si kutu ya bati, mwanangu?” Hakukosea hata kidogo, kwa sababu kinacholipa bati kutu ndicho kinachoupa udongo ule rangi.

Udongo unapojaa maji, mizizi na vijidudu humaliza oksijeni iliyomo kwa siku moja au mbili. Vijidudu visivyohitaji hewa huanza kutumia vitu vingine badala yake: kwanza nitrati (aina ya nitrojeni inayolisha mimea), kisha manganizi, kisha chuma, na mwisho salfeti. Chuma kilichokuwa chekundu huyeyuka na kuhama na maji, udongo ukabaki wa kijivu. Pale hewa inapopenya tena kupitia njia ya mzizi, chuma hicho huganda upya kama kutu. Kwa hiyo kina ambacho kijivu na mabaka ya kutu huanzia ndicho kina ambacho maji husimama kwa muda mrefu kila mwaka. Yakianzia sentimeta 20, usipande migomba hapo. Yakianzia kina kinachozidi sentimeta 80, mazao mengi yatavumilia.

Mkulima huona matokeo yake kwenye jani. Mahindi machanga hustahimili kuzama kwa siku mbili hadi nne, kisha huanza kugeuka manjano, na mara nyingi mwenye shamba hukimbilia kuongeza mbolea ya urea, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kumwaga fedha bondeni, kwa kuwa nitrati iliyomo kwenye tope lisilo na hewa hugeuzwa kuwa gesi na kupaa. Mpunga ni habari nyingine: shina lake lina mirija ya kupeleka hewa hadi mizizini.

Sasa turudi Pwani, kwani bonde la kule halipangiki kama mbuga ya huku. Mto kama Rufiji unapofurika na kumwagika nje ya kingo, mchanga mzito hutua kwanza, karibu na mto, nao mfinyanzi huelea hadi mbali, kwenye maji yaliyotulia, ndiko unakotua. Kwa sababu hiyo eneo lililo jirani na mto mara nyingi ni la juu kidogo na hupitisha maji kuliko lile lililo mbali, na anayechagua kiwanja kwa kukimbia mto huenda akaangukia kwenye udongo mbaya zaidi. Zaidi ya hapo, bahari inapojaa huzuia maji ya mto yasitoke, hivyo mtaro unaofanya kazi vizuri Bahi huenda ukageuka kule kuwa njia ya kuingiza maji ya chumvi shambani.

Chumvi ina madhara mawili. La kwanza linajulikana, yaani kuunguza mimea. La pili ni sodiamu iliyomo kwenye chumvi kuzitawanya chembe za mfinyanzi hata vile vijitundu vichache vikazibwa. Hili hata mabonde yetu yenye magadi yanalo, na kulipima si kazi: weka kibonge kikavu cha udongo kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Baada ya saa chache, kikimomonyoka tu na maji yakabaki maangavu, si vibaya. Kikizungukwa na wingu kama la maziwa, sodiamu imezidi, na jasi (jipsamu), ambayo huchimbwa hata Itigi hapa jirani, huenda ikasaidia iwapo maji ya kuisukuma chumvi yana pa kutokea.

Hatari ninayoihofia zaidi iko karibu na mikoko. Tope la huko, la kijivu kilichokolea na lenye harufu ya yai viza, huhifadhi madini ya chuma na salfa yaitwayo pairiti, ambayo hayana neno yakiwa chini ya maji. Ukichimba mitaro ukayakausha, hewa huyageuza kuwa asidi ya salfuriki, mabaka ya rangi ya bizari ya manjano yakatokea, na ardhi ikawa chachu kiasi kwamba hata mpunga haumei. Kipimo kimoja cha maabara hakitoshi hapa. Sampuli iliyosoma pH 6 au 7 (namba ikishuka, uchachu umezidi) siku ya kuchimbwa huweza, ikiachwa na unyevu mezani mahali penye hewa, kushuka hadi 4 au chini yake ndani ya wiki 8 hadi 16. Anayeuziwa bonde la aina hiyo asidai cheti cha kipimo cha siku moja. Adai cha pili baada ya wiki 16, na malipo yasubiri hadi hapo.