Shingo ya gitaa la umeme: dhana zinazoharibu mbao nzuri

"Mbao ikiwa ngumu, chuma cha ndani hakihitajiki."
Seti ya kawaida ya nyuzi sita, inchi 0.010 hadi 0.046, huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 45 hivi, usiku na mchana. Mwaka 1950 kampuni ya Fender ilitoa gitaa za mwanzo za Esquire zenye shingo ya mepo tupu, bila chuma cha ndani, yaani fimbo inayopita ndani ya shingo kupinga mvuto wa nyuzi. Mepo ni mti mgumu, lakini shingo zilipinda na chuma kikaongezwa. Ugumu hauokoi mbao ambayo mistari yake inakimbilia ubavuni badala ya kwenda sambamba na shingo, wala mbao mbichi. Tafuta mistari iliyonyooka na unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Ukishapasua kipande, kiache siku kadhaa ndipo ukinyooshe kwa randa, maana mbao ikikatwa hulegeza mikazo yake na kusogea.

"Chuma cha ndani ni cha kushusha nyuzi."
Kimo cha nyuzi hurekebishwa kwenye daraja na kwenye kidaraja cha juu, kile kipande chenye mikato ya nyuzi upande wa kichwa. Chuma kinarekebisha mbonyeo wa shingo tu. Bana uzi kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) na pale shingo inapoungana na mwili, kisha pima mwanya chini ya uzi kwa fila geji, vibamba vyembamba vya kupimia, karibu na freti ya 7: milimita 0.2 hadi 0.3 inatosha. Zungusha nati ya chuma robo mzunguko, pima tena. Anayekaza mfululizo ili nyuzi zishuke huishia na shingo iliyobinuka kwa nyuma na freti za mwanzo zinazokwaruza.

"Gawanya kwa 18 upate nafasi za freti."
Kanuni hii ya zamani inakaribia ukweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Kwa uzi wa milimita 648 kutoka kidaraja cha juu hadi daraja, freti ya 12 inapaswa kuwa nusu kamili, yaani 324. Ukigawanya urefu uliobaki kwa 18 kila hatua, inaangukia 321.6, na hakuna sikio litakalovumilia oktavu hiyo. Kigawanyo sahihi ni 17.817: freti ya kwanza inakaa 36.37 kutoka kidaraja cha juu. Zinabaki 611.63, gawanya tena upate 34.33, hivyo freti ya pili iko 70.70. Kokotoa hatua kwa hatua, lakini alama zote zipime kutoka kidaraja cha juu bila kuhamisha rula. Ukipima kutoka freti hadi freti, kosa la nusu milimita linabebwa hadi mwisho.

"Mkato ukiwa mwembamba, freti inashika vizuri zaidi."
Hapa panahitaji uangalifu kuliko pengine popote. Kila ulimi wa freti, yaani sehemu yake inayoingia kwenye ubao, ukigongwa kwenye mkato mwembamba mno ni kabari ndogo. Kabari 22 kwa pamoja zinarefusha uso wa ubao wa freti, na shingo inabinuka nyuma hata kabla ya kufungwa nyuzi. Mkato ukiwa mpana mno, ncha za freti zinainuka. Kwa ulimi wa milimita 0.5, mkato wa 0.58 unafaa, kwa kuwa vijino vya ulimi ndivyo vinavyoshika. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mti uleule.

Gundi ya maji nayo huvimbisha ubao wa freti na kuupinda. Paka tabaka jembamba, bana kwa klempu nyingi, acha saa 24.

"Kichwa kilichoungwa ni dhaifu."
Kinyume chake. Kichwa cha kuinama kikichongwa kwenye kipande kimoja, mistari ya mbao inakatika pale shingoni palipo pembamba, na gitaa likianguka hupasukia hapo. Kiungo cha mshazari, kikipigwa randa hadi mwanga usipite kati ya nyuso mbili, kinaacha mistari ikinyooka pande zote.

"Chonga mgongo kwanza, mfereji baadaye."
Mfereji wa chuma, mara nyingi upana milimita 6 na kina 9 hadi 10, chimba kipande kikiwa bado mraba, kingo zikiwa zimenyooka za kuongozea ruta, mashine ya kuchimbia mifereji. Shingo ya milimita 19 yenye ubao wa 6 inabakiza 13. Toa mfereji wa 9.5, nyuma ya chuma zinabaki 3.5 tu. Andika namba hiyo kwenye mbao kabla ya kushika tupa, na karibu na freti ya kwanza pima unene kila baada ya mapitio machache.