Je, wajua kwa nini kisima kisafi huko Bangladesh kina sumu kuliko bwawa chafu?

Fundi mmoja wa ujenzi niliyewahi kufanya naye kazi Muscat alitoka Chandpur, kusini-mashariki mwa Dhaka. Siku moja tukisubiri gari kivulini, aliniambia kwamba pampu ya uani kwao imepakwa rangi nyekundu mdomoni, alama kwamba maji yake yana sumu. Mama yake hachoti hapo maji ya kunywa. Huenda kwa jirani mwenye pampu ya kijani, mwendo wa hatua kama sitini. Nikajitia ujuzi. Nikamwambia hayo ni mambo ya viwanda, vile vya ngozi vya Dhaka vinavyomwaga dawa mtoni. Alicheka sana. Kwao, alisema, hakuna hata kiwanda cha sabuni.

Sumu yenyewe ni arseniki, ambayo ikishayeyuka majini haina rangi, harufu wala ladha. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi maikrogramu 10 kwa lita. Bangladesh inatumia kikomo cha 50. Kuipata picha ya hiyo 50, chukua gramu moja uikoroge ndani ya maboza mawili ya lita 10,000 kila moja. Ndiyo hiyo. Na wapo waliokunywa maji yenye mara kadhaa ya hapo kwa miaka ishirini.

Historia kwa ufupi. Zamani watu wa delta ya Ganges, Brahmaputra na Meghna walikunywa maji ya mabwawa na mito, na watoto wakafa kwa kuhara na kipindupindu. Kuanzia miaka ya 1970 serikali na UNICEF wakahimiza visima vya bomba: bomba jembamba limezamishwa ardhini, pampu ya mkono juu yake. Watu walivipenda, wakaanza kuchimba kwa fedha zao wenyewe, mpaka vikawa mamilioni. Mwaka 1983, ng'ambo ya mpaka huko Kolkata, daktari wa ngozi K. C. Saha aliwatambua wagonjwa wa arseniki kutoka vijijini, wenye madoa mwilini na sugu ngumu viganjani na nyayoni. Mwaka 1993 ikathibitishwa Bangladesh yenyewe. Upimaji mkubwa wa 1998 na 1999 ulichukua maji ya visima zaidi ya 3,500, na kati ya visima vifupi asilimia 27 vilipita kikomo cha 50. Ukihesabu kwa nchi nzima, ni watu wapatao milioni 35.

Sasa turudi kwenye viwanda, maana si mimi peke yangu niliyeingia mkenge.

Kitu kinachomwagwa juu hukolea juu. Kama arseniki ingekuwa taka za viwanda, mabwawa na mito ndiyo ingekuwa na nyingi kuliko visima. Mambo ni kinyume. Bwawa lenye bata, ukoga na kila aina ya uchafu kwa kawaida lina arseniki kidogo. Kisima cha kizamani cha kuchimbwa kwa jembe, kilicho wazi juu, nacho huwa na kidogo. Nyingi zaidi hukutwa kwenye bomba lililofika mita 15 mpaka 30 hivi, mahali ambapo taka za juu zingefika kwa tabu. Kisha tazama ramani: Chandpur, ambako karibu visima tisa kati ya kumi vilivyopimwa vilipita kikomo, ni nchi ya mpunga na samaki. Uchafu wa viwanda vya ngozi ni wa kweli, lakini ile ni kesi nyingine, yenye kemikali zake.

Wengine walinyooshea kidole viuatilifu na mbolea, wengine nguzo za umeme za mbao zilizopakwa dawa ya mchwa. Zote zinagonga ukuta uleule: zinaanzia juu, na sumu iko chini.

Hata wataalamu walipotea njia. Mwaka 1992 wanajiolojia wa Uingereza walipima maji ya visima vya Bangladesh kwa vitu vingi, arseniki ikawa haimo kwenye orodha. Baadaye walishtakiwa London, na kesi ikatupwa mwaka 2006. Wengi hawakuitarajia arseniki kwenye mchanga wa mto, waliizoea migodini. Msomaji wa Arusha au Meru pengine hashangai. Kule floridi imewapaka watu meno rangi ya kahawia vizazi na vizazi, na hakuna kiwanda kilichoimwaga. Inatoka kwenye miamba ya volkano.

Kulikuwa na kosa la pili, hili la kisomi zaidi, na nakiri liliniteka nilipoacha lile la viwanda. Lilisema hivi: wakulima wanavuta maji mengi ya kumwagilia, kina cha maji kinashuka, hewa inaingia ardhini, madini yenye salfa na chuma yanaoza na kuachia arseniki. Ni nadharia nzuri kwa sababu ina mkosaji. Tatizo ni kwamba maji yenye arseniki nyingi, yakipimwa, hukutwa hayana oksijeni, yana salfeti kidogo na chuma tele kilichoyeyuka. Hewa ingekuwa imeingia, yasingekuwa hivyo. Mwaka 1998 Nickson na wenzake, watafiti wa London na Dhaka, walichapisha maelezo yaliyo kinyume: arseniki inaachiwa kwa sababu hewa imekosekana.

Na hapa ndipo penye utamu.

Mawe ya Himalaya yana arseniki kidogo, kama mawe mengi duniani. Mchanga wa delta hauna arseniki ya ajabu. Ukiupima mkavu, ni wa kawaida tu. Tofauti iko kwenye namna inavyoshikiliwa. Chembe ya mchanga ikiwa hewani huvaa kutu, utando mwembamba wenye rangi ya udongo mwekundu, na kutu hiyo hunasa arseniki jinsi nguo inavyonasa mbegu za kishonanguo. Umepita kichakani na kanzu, umetoka na mamia ya mbegu pindoni. Hazidondoki kwa kukung'uta. Maadamu kanzu ipo, mbegu zipo kwenye kanzu.

Sasa izike chembe hiyo. Delta hujijenga kwa kufukia: tope la mwaka huu juu ya tope la mwaka jana, pamoja na majani, mizizi na mabua. Huko chini kuna bakteria wanaokula mabaki hayo, na kama sisi wanahitaji kitu cha kupumulia. Kwanza hutumia oksijeni. Ikiisha, na tope zito haliruhusu nyingine ishuke, hutumia naitreti. Nayo ikiisha, huigeukia kutu. Ni kama nyumba iliyoishiwa mkaa katikati ya masika: zinachomwa kuni za akiba, kisha vifuu, kisha mbuzi ya kukunia nazi, mwisho miguu ya kitanda. Kutu ndiyo miguu ya kitanda. Wakishaitumia, chuma kinayeyuka, kanzu inafumuka uzi baada ya uzi, na zile mbegu zote zinabaki zikielea majini. Na kwa kuwa delta ni tambarare kama sinia, maji ya chini hayana mteremko wa kuyasukuma. Yanatambaa, yakikaa na sumu yake.

Kipande kimoja bado kinabishaniwa: chakula cha hao bakteria kinatoka wapi hasa. Wapo wanaosema ni mimea iliyofukiwa zamani pamoja na mchanga. Wengine wanasema ni mboji mpya inayopenya kutoka kwenye mabwawa, na kwamba pampu za umwagiliaji zinaivuta ishuke. Inawezekana kila upande una haki mahali pake. Udongo wa delta hubadilika kila baada ya hatua chache, ndiyo maana pampu nyekundu na ya kijani huweza kuwa majirani.

Ukishuka zaidi mambo yanageuka tena. Mchanga ulio chini ya mita 150 mara nyingi ni wa zamani zaidi. Miaka kama 20,000 iliyopita, enzi ya barafu, bahari ilikuwa chini kwa karibu mita 120 kuliko leo, mito ikachimba mabonde, na maji yakapita kwa nguvu kwenye mchanga huo wa kale, yakausuuza na kuupa hewa. Kanzu zake bado zimo mwilini. Katika upimaji ule wa 1998 na 1999, ni kama asilimia 1 tu ya visima virefu vilivyopita 50.

Mafundi wa kuchimba wana namna yao ya kuliona hili. Mmoja hukaa juu ya jukwaa la mianzi na kuziba mdomo wa bomba kwa kiganja, wenzake wakilinyanyua kwa wenzo. Likishuka anaachia, tope linaruka nje. Kiganja chake ndiyo vali. Kila baada ya kina fulani mchanga unaotoka hukusanywa, na rangi inasema: wa kijivu ni mchanga uliovuliwa kutu, wa machungwa au mwekundu bado umevaa. Watafiti waliolinganisha rangi na vipimo huko Matlab, wilaya hiyohiyo ya Chandpur, walikuta mafundi wako sahihi kwa kiasi kikubwa. Ila mchanga mwekundu una kasoro yake, maji yake mara nyingi yana madini ya manganizi kwa wingi. Na si kila familia ina fedha ya kuteremsha bomba mita 150.

Madhara yamefuatiliwa kwa muda mrefu hasa Araihazar, mashariki mwa Dhaka, ambako tangu mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao wa Bangladesh wanawafuata watu wazima wapatao 12,000. Mwaka 2010 walikadiria kwamba kama kifo kimoja kati ya vitano katika kundi lile kilihusiana na maji yaliyopita maikrogramu 10 kwa lita. Ni makadirio, na Araihazar si Bangladesh yote. Hukohuko, mwaka 2004, watoto wa miaka kumi waliokunywa maji yenye arseniki nyingi walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili. Hapa tahadhari zaidi: ulikuwa upimaji wa wakati mmoja, na umaskini una njia nyingi za kuingia kwenye alama za mtoto, hata watafiti wakijitahidi kuuondoa kwenye hesabu.

Serikali na washirika wake walipima visima karibu milioni 5 kufikia mwaka 2003, milioni 1.4 vikapakwa nyekundu. Rangi imechujuka, na visima vipya vimechimbwa bila kupimwa. Kuhamia pampu ya kijani nako si jambo jepesi, kwa kuwa pampu nyingi ni za watu binafsi: mwanamke anaingia uani kwa mwenzake mara nne kwa siku, na wakigombana kuhusu kuku, maji yanakatika. Wenye madoa ya ngozi nao walikimbiwa kama wenye maradhi ya kuambukiza, na wasichana wakakosa wachumba, ingawa ugonjwa huu hauambukizi.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, arseniki inabaki palepale. Kinachosaidia kidogo ni kukaa: maji yenye chuma yakilala ndooni usiku kucha, hewa inakiozesha kile chuma, kutu inaundwa upya, inanasa sehemu ya arseniki na kuzama nayo. Asubuhi chini kuna utelezi wa rangi ya chai. Ni kanzu ileile imeshonwa tena. Profesa Abul Hussam alitumia kanuni ya namna hiyo, kwa chuma na mchanga, kutengeneza chujio la ndoo lililompa tuzo ya dola milioni 1 mwaka 2007.

Pampu nyekundu haikung'olewa. Inafaa kufulia na kuogea, kwani ngozi hainyonyi arseniki ya kutia hofu. Tatizo ni mpunga. Shamba la mpunga limefunikwa na maji, halina hewa, kwa hiyo kinachotokea chini kwenye mchanga kinatokea pia kwenye mizizi, na punje inaibeba. Bahati nzuri Wabengali wengi hawapiki wali wa kukausha kama sisi, na mkaa juu ya kifuniko. Wanachemsha kwa maji mengi, kisha wanayamwaga, na sehemu ya arseniki inakwenda nayo. Mradi maji yenyewe yametoka kwenye pampu ya kijani.