Murshidi ana kazi gani katika ibada yako?

Wengi wanaonijia kuomba tarbia, yaani malezi ya kiroho, si watu walioacha swala. Ni watu wa swala tano na funga za sunna, wengine wamehifadhi juzuu kadhaa, na malalamiko yao yanafanana: "Ustadh, natimiza kila kitu lakini moyo haupo." Kisha huomba uradi. Wanataka dhikri fulani, idadi fulani, saa fulani ya usiku, waondoke nayo. Mimi huwauliza swali jingine kwanza: je, yuko mtu anayeijua ibada yako, unayeweza kumweleza kinachopita moyoni mwako baada ya takbira, naye akakwambia ukweli? Karibu wote hujibu hapana. Naamini ukame wao unaanzia hapo, kwa kukosa murshidi, yaani mlezi wa njia ya kiroho.

Kila aliyepita madrasa anaijua hadithi ya Jibrili, na anajua jibu la Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu ihsani: umwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, na ikiwa humwoni, basi Yeye anakuona. Mwanzo wa hadithi hiyo tunaupita haraka. Umar bin Khattab (r.a.), ambaye mapokezi yake yamo katika Sahihi ya Muslim, anasimulia kwanza jinsi yule mgeni alivyokaa. Alisogea hadi magoti yake yakagusa magoti ya Mtume, akaweka viganja vyake juu ya mapaja, ndipo akauliza. Alipokwisha kuondoka, Mtume akawaambia maswahaba kuwa huyo alikuwa Jibrili, amekuja kuwafundisha dini yao. Malaika aliyeleta wahyi alikaa mkao wa mwanafunzi. Nguzo za Uislamu waweza kuzisoma kitabuni, na misingi ya imani waweza kuipanga kwa hoja. Ihsani ni hali ya mtu, na hali huchukuliwa kwa kukaa na mwenye nayo.

Qurani nayo ina jambo hapa linalonigusa kila ninapolifundisha. Nabii Ibrahimu aliomba kizazi chake kipelekewe Mtume atakayewasomea Aya, awafundishe Kitabu na hekima, na awatakase; utakaso aliutaja mwisho (2:129). Dua ilipojibiwa, katika 2:151, 3:164 na 62:2, utakaso umetangulia kabla ya kufundishwa Kitabu na hekima. Wafasiri wana maelezo yao juu ya mpangilio huo. Ninachokiona mimi ni kwamba kutakasa nafsi za watu kumetajwa kuwa kazi ya Mtume inayosimama yenyewe, pembeni ya kufundisha. Na kama ni kazi, basi ina wanaoirithi, kama vile wasomaji walivyorithi kisomo na mafakihi walivyorithi hukumu.

Maswahaba walilijua jambo hili kwa miili yao. Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume, alikutana na Abubakari (r.a.) akasema: Hanzala amekuwa mnafiki. Abubakari akashtuka. Hanzala akaeleza kuwa wanapokuwa mbele ya Mtume akiwakumbusha Pepo na Moto huwa kana kwamba wanaviona kwa macho, na wakirudi kwa wake zao, watoto na mashamba, husahau mengi. Abubakari hakumkemea. Alisema hata yeye yanamkuta hayo. Wakaenda wote wawili kwa Mtume, naye akawaambia kuwa lau wangedumu katika hali wanayokuwa nayo mbele yake na katika dhikri, malaika wangepeana nao mikono vitandani na njiani. Lakini, ewe Hanzala, saa hii na saa ile, yaani saa ya ibada na saa ya shughuli. Akairudia mara tatu.

Hadithi hii ninaisoma na kila mwanafunzi mpya, kwa sababu ina mambo mawili ambayo mtu mmoja mmoja huyakosa. La kwanza, moyo wa Abubakari, aliye mbora wa umma huu baada ya Mtume wake, ulipanda kwa kikao na ukashuka kwa shughuli. Basi nani kati yetu atajitosheleza? La pili, Hanzala aliogopa, na hofu yake ikatibiwa kwa kusemwa. Angeifungia ndani, huenda angejikatia tamaa au angezoea kughafilika. Anas bin Malik (r.a.) naye alisema kuwa walikuwa hawajakung'uta mikono yao vumbi la kaburi la Mtume, na tayari walikuwa wakizikanusha nyoyo zao, yaani wakiziona si zile walizozijua. Qurani yote walikuwa nayo. Sunna walikuwa nayo. Kilichoondoka ni mtu.

Kuhusu mapenzi kati ya mlezi na mwanafunzi wake, ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa Muadh bin Jabal (r.a.). Mtume alimshika mkono akamwambia: "Ewe Muadh, wallahi mimi nakupenda." Kisha akamuusia asiache kusema baada ya kila swala: Allahumma a'inni ala dhikrika wa shukrika wa husni ibadatik, yaani ewe Mola, nisaidie nikukumbuke, nikushukuru na nikuabudu vizuri. Tazama mpangilio wake. Mkono umeshikwa, kiapo kimetolewa, mapenzi yametamkwa, ndipo ukaja wasia wa ibada. Na ibada yenyewe iliyousiwa ni kukiri kwamba uzuri wa ibada hautoki kwako, unauomba. Wapokezi wa hadithi hii walizoea kuipokezana hivyo hivyo, mwalimu akimwambia mwanafunzi wake kwanza kuwa anampenda. Nami niliipokea hivyo, na tangu siku ile sijaweza kuisema dua hiyo kama maneno matupu.

Ikhlasi, yaani kumtakasia Mwenyezi Mungu nia, ndiyo ngumu zaidi, na hapa ndipo murshidi anapohitajika hasa. Riya, yaani kufanya ibada ili uonekane na watu, haimjii mtu kwenye maasi. Humjia kwenye ibada. Kadiri ibada inavyozidi, nayo hupata chakula. Katika Sahihi ya Muslim wametajwa watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama: aliyeuawa vitani, aliyejifunza elimu na kusoma Qurani, na aliyetoa mali. Wote wataburutwa kifudifudi, kwa sababu walifanya ili wasemwe. Abu Huraira, aliyeipokea hadithi hiyo, imepokewa katika Tirmidhi kwamba alizirai kabla ya kuweza kuisimulia. Sasa mtu anawezaje kuikagua nia yake ikiwa mkaguzi ni ile ile nafsi inayokaguliwa? Nafsi ni hakimu, wakili na mshitakiwa kwa pamoja, na hukumu yake inajulikana kabla ya kesi.

Imamu Ghazali alilijua hili kwa uchungu. Mwaka 1091 aliteuliwa kufundisha katika chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, cheo kikubwa mno kwa mwanachuoni wa zama zake. Anasimulia mwenyewe kuwa aliangalia amali zake, akaiangalia iliyo bora kuliko zote, yaani kufundisha, akakuta nia yake haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kilichomsukuma ni jaha na sifa. Mwaka 1095 ulimi wake ukafungika, akashindwa kufundisha, hata chakula kikamshinda, akaondoka Baghdad. Kabla ya hapo alikuwa ameshasoma vitabu vya watu wa njia hii ya kutakasa moyo, yaani tasawufi, vya Abu Talib al-Makki na al-Muhasibi, na maneno yaliyopokewa kutoka kwa Junaid. Alivielewa. Akagundua kuwa kilichobaki hakipatikani kwa kusikia wala kusoma, ila kwa kuonja na kubadilika sifa. Akatoa mfano wake mashuhuri: kuijua tafsiri ya afya na sababu zake ni jambo moja, na kuwa mzima wa afya ni jambo jingine kabisa.

Baadaye, katika kitabu chake cha Ihya, alitaja njia nne za mtu kuzijua aibu zake: kukaa mbele ya shekhe mwenye kuona maradhi ya nafsi, kuwa na rafiki mkweli, kusikiliza ndimi za maadui, na kuchanganyika na watu kisha kujikagua kwa kile unachokichukia kwao. Shekhe amemtanguliza. Njia ya tatu nawashauri watu wasiidharau. Adui yako hana sababu ya kukupamba.

Kwa vitendo, murshidi hufanya nini? Mara nyingi hufanya kidogo kuliko mtu alivyotarajia. Kijana mmoja aliyekuwa na sauti nzuri, akiwaliza watu anapoomba dua hadharani, aliniuliza kama aache kabisa kuongoza dua kwa kuogopa riya. Nilimpa kauli ya Fudhail bin Iyadh: kuacha amali kwa ajili ya watu ni riya, na kuifanya kwa ajili ya watu ni shirki, na ikhlasi ni Mwenyezi Mungu kukuepusha na yote mawili. Basi aendelee kuongoza, ila awe na ibada moja ya kudumu ambayo hata mkewe haijui, na nami asinielezee. Akaja baada ya muda akiwa amechoka. Hadharani machozi yalimjia haraka, na peke yake hayakuja kabisa. Nikamwambia sasa tunaweza kuanza, kwa sababu amejua machozi yake yalikuwa ya nani. Kitabu kingemwambia riya ni nini. Ya kwake ilikuwa wapi, hilo lilihitaji mtu wa kumwekea njia ya kuiona.

Mwingine hupunguziwa. Aliyejibebesha nyiradi nyingi na kiyamu kirefu cha usiku huku akiwajibu wazazi wake kwa ukali, ataambiwa arudi kwenye faradhi na kuwahudumia wazazi. Hadithi Qudsi, yaani maneno ya Mwenyezi Mungu aliyoyasimulia Mtume, iliyo katika Bukhari imeweka utaratibu: mja hajikurubishi kwa Mola wake kwa kitu kinachopendeza zaidi Kwake kuliko alichomfaradhishia, kisha huendelea kujikurubisha kwa sunna hadi ampende. Nafsi hupenda sunna inayoonekana kuliko faradhi inayochosha, na peke yako hutaligundua hilo kwa sababu vyote viwili vinaitwa ibada.

Na yule ambaye moyo umekauka, hapewi jipya. Ibn Ataillah wa Iskandaria, aliyefariki mwaka 1309, anasema katika Hikam, kitabu chake cha hekima, usiiache dhikri kwa kuwa moyo wako hauko na Mwenyezi Mungu ndani yake, maana kughafilika hata usimtaje kabisa ni kubaya zaidi kuliko kughafilika huku unamtaja. Mwandishi wa maneno haya alianza akiwa miongoni mwa waliowapinga watu wa tasawufi. Alipokwenda kumsikiliza Abul Abbas al-Mursi mwenyewe, msimamo wake ukageuka, akawa mwanafunzi wake. Ndiye aliyeandika pia: usisuhubiane na mtu ambaye hali yake haikuinui wala maneno yake hayakuonyeshi kwa Mwenyezi Mungu.

Kauli hiyo ndiyo mizani yangu, nayo inakata pande zote mbili. Wako wanaojiita mashekhe na hali zao zinawainua wao wenyewe tu. Murshidi wa kweli hukuelekeza mbali na nafsi yake. Ukimsifu anabadilisha mazungumzo, ukikosa kumtembelea anauliza swala yako kabla ya kuuliza ulikuwa wapi. Ukimwona anadai mali kwa kuahidi siri, anajitenga faragha na wanawake, anakataza kuulizwa dalili, au anasema sharia ni ya watu wa kawaida, mkimbie. Utii kwa kiumbe ni katika mema tu; hilo limethibiti kwa Mtume. Junaid, ambaye watu wa njia hii wanamwita bwana wa kundi lao, alisema elimu yetu hii imefungwa kwa Kitabu na Sunna. Na Abu Yazid al-Bistami aliwaonya watu wasihadaike hata wakimwona mtu anakaa hewani, mpaka waone anavyosimama kwenye amri na makatazo.

Wengine huleta kisa cha Qurani cha Musa na Khidhri, mja aliyefanya mambo ambayo Musa aliyaona kuwa maovu, ili kumnyamazisha mwanafunzi. Wanakisoma nusu. Mja yule alishuhudiwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe kuwa amepewa elimu kutoka Kwake, na alisema wazi kuwa hakufanya kwa amri yake mwenyewe. Hata hivyo Musa, mwenye sharia, alipinga, wala Qurani haikumlaumu kwa kuichunga sharia yake. Hakuna shekhe leo mwenye ushahidi wa Aya juu yake.

Najua wengi mtaniambia hamna murshidi karibu. Amri ya Qurani ni pana kuliko cheo hicho: "kuweni pamoja na wakweli" (9:119). Mkweli anaweza kuwa bibi asiye na kitabu hata kimoja. Ibn Arabi, mwanachuoni mkubwa wa tasawufi, na elimu yake yote, alimhudumia Fatima bint Ibn al-Muthanna huko Sevilla, mwanamke aliyepita umri wa miaka tisini. Mtafute katika watu unaowajua yule ambaye ukiondoka kwake swala inayofuata huwa nyepesi kwako. Usimwombe uradi siku ya kwanza. Kaa naye, mtumikie kidogo, swali nyuma yake au karibu naye, na moyo ukitulia mweleze hali yako kama Hanzala alivyomweleza Abubakari, bila kuipamba na bila kuizidisha. Atakachokupa, hata kikiwa rakaa mbili na istighfari chache, kishike mpaka umrudie.