"Unakaa kwa nani?" Yanayosemwa kuhusu vijana wasio na makazi Lindi na Mtwara

Pale Mnazi Mmoja, panapoachana njia za Lindi, Mtwara na Masasi, basi likisimama tu madirisha yanazingirwa na mikono: korosho za kukaanga, mayai ya kuchemsha, ndizi. Abiria huona wachuuzi, basi. Ukibaki hapo mpaka gari la mwisho lipite, ndipo utajua nani anajitwisha sinia aende kwao na nani anatandika boksi nyuma ya kibanda. Huyu wa pili husemwa sana, na mengi anayosemwa si kweli.

"Huyo katoroka kwao kwa utundu wake."

Waliotoroka wapo, na wengi wao walikimbia fimbo. Lakini huku kusini mara nyingi nyumba ndiyo hutangulia kuvunjika. Wazazi wanaachana, mama anaolewa kwingine, mtoto anapelekwa kwa bibi, tuseme Newala. Bibi ana mikorosho yake, maisha yanakwenda. Siku bibi akifariki mikorosho inagawanywa, mjukuu hatajwi.

Zamani angekuwa na pa kushika. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ndiye aliyebeba dhamana ya mtoto wa dada yake. Siku hizi mjomba ana ada za wanawe, au yuko Dar es Salaam anahangaika na yeye. (Jina lenyewe la machinga, tunalowaita wachuuzi wa nchi nzima, husemwa limetokana na Wamachinga wa Lindi. Vijana wa huku hawakuanza leo kuondoka mikono mitupu.) Kwa hiyo yule anayeshuka stendi na kibegi kimoja mgongoni hakutoroka mtu; hapakuwa na wa kumwambia baki.

"Msimu wa korosho hela zipo, wanazitapanya wenyewe."

Hela za mnada huenda kwa mwenye mikorosho, kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Asiye na mkorosho ni kibarua: apalilie, apulizie salfa, aokote korosho, kisha asubiri mwaka mwingine. Kazi ni ya miezi, kulala ni kwa mwaka mzima. Na mwenye nyumba mjini hataki kodi ya mwezi mmoja, anataka ya mitatu au sita kwa mkupuo. Anayesema wanatapanya apige hesabu hiyo kwanza.

"Asiye na makazi ni yule anayelala nje."

Wengi huwaoni nje kabisa. Wamo geto, vijana watano au sita chumba kimoja, godoro moja linalalwa kwa zamu: aliyepakua mizigo usiku kucha anaingia asubuhi, mwenzake anatoka. Kosana na mwenye chumba, jioni hiyohiyo huna pa kwenda.

Wasichana ndio hawaonekani zaidi. Binti aliyefukuzwa nyumbani kwa mimba hupokelewa kama dada wa kazi, au na mwanamume anayemjulisha kila siku kwamba nyumba si yake. Paa analo, makazi hana. Wengine hadi leo huambiwa kwamba shule nayo ndiyo basi tena, ilhali tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu aliyejifungua arudi darasani.

"Dawa yao polisi."

Makosa ya uzururaji tumeyarithi kutoka sheria za mkoloni. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Hata ukiacha sheria, mtu uliyemlaza mahabusu kwa kukosa pa kulala, akitoka bado hana pa kulala.

"Hakuna msaada wowote."

Upo, ila una matundu. Aliye chini ya miaka 18 analindwa na Sheria ya Mtoto ya 2009: halmashauri ina wajibu kwake, na mlango wa kugonga ni wa afisa ustawi wa jamii. Namba ya simu 116, ya kusaidia watoto, ni ya bure, na hata jirani anaweza kupiga.

Akishavuka 18 mambo yanakuwa magumu. Kuna vyuo vya ufundi vya VETA, Lindi na Mtwara. Kuna mikopo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri; kati ya hizo 10, 4 ni za vijana. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Lakini mkopo unataka kikundi, kikundi kinataka barua ya mtaa, na TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia maskini, nayo hulipa kaya. Asiye na kaya hahesabiki popote. Swali linalomkwamisha ni dogo sana: "Unakaa kwa nani?"

Nilimwona mama lishe mmoja akiacha masufuria jikoni, wateja wamekaa, akaenda na kijana hadi ofisi ya mtaa. Akaulizwa, "Mama, huyu nani wako?"

"Ananichotea maji kila alfajiri, mwaka wa pili huu," akasema. "Andika anakaa kwangu, mwenyekiti. Nina sufuria motoni."